Alama Ishirini za Maji

Malaba,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mwanangu Muzamil,

Asalaam aleikum. Natumai umzima, wewe na mama Nasra, na huyo Nasra mwenyewe ambaye naambiwa ameanza kukataa uji. Mwambieni asibembelezwe. Akae mpaka saa sita, atakula. Sisi huku tuko. Mama yako Rosebella alipita Jumatano kutoka Port Victoria, akaniachia gorogoro mbili za omena, hao dagaa wetu wa ziwani. Goti bado linamsumbua lakini kanisani hakosi. Foleni ya malori wiki hii imerudi nyuma sana. Nilihesabu 140 nikiwa natembea kwenda shule, nikachoka kabla sijalifikia la mwisho.

Utashangaa kupata karatasi siku hizi. Nimekupigia mara kumi na moja tangu Ijumaa. Mbili ulipokea, ukasema uko mkutanoni. Karatasi haina mkutano. Naituma kwa ofisi ya vifurushi vya basi na risiti nitaiweka.

Sasa maneno yenyewe. Ijumaa Hajji Osukuku, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliniita akanipa kikaratasi kutoka taasisi unayofanyia kazi. Kimeandikwa: Sauda Amuron, 38 kwa 100. Hakufaulu. Maoni: hakuna vielelezo.

Wewe hukuwepo kwenye hayo mafunzo, kwa hivyo nikueleze. Desemba tulikaa Busia siku kumi na mbili, walimu wa dini 64 kutoka shule za msingi za Kiislamu, kuanzia hapa kwetu mpaka Sio Port. Mbinu za kisasa. Sikwenda na kiburi. Nina miaka kumi na tisa darasani na hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kufundisha, nikasema wacha nijifunze. Na nilijifunza. Kwamba mtoto aongee kuliko mwalimu, hiyo niliipenda. Kwamba nisiulize swali halafu nikajijibu mwenyewe, hiyo ilinichoma, kwa sababu mimi hufanya hivyo. Lakini siku mbili nzima, Muzamil, watu wazima 64 tulikuwa tunakata karatasi za manila. Tulikata 96. Tukachora mfereji, tukachora mkono, tukapaka bluu pale maji yanapopita. Na mfereji wenyewe ulikuwa nje ya ukumbi, hatua kumi na nne kutoka mlangoni, unatoa maji.

Tarehe 16 Januari akaja mtahini wenu kunikagua hapa shuleni. Kijana anaitwa Ashraf Mulama, mwalimu wa Mundika, shati jeupe, saa mkononi, fomu kwenye kibao. Somo langu lilikuwa udhu, darasa la kwanza, watoto 43. Niliazima majagi 22 kwa akina mama wanaouza chai kwenye foleni. Jozi ishirini na moja, jagi moja kila jozi, na Shamila aliyebaki peke yake akafanya na mimi. Mmoja anatawadha, mwenzake anamwangalia na kumkosoa, halafu wanabadilishana. Mimi napita nyuma nagusa visigino kwa kidole. Kisigino kikavu, rudia. Unajua visigino vikavu vilikuwa vingapi mara ya kwanza? Thelathini na moja. Mara ya pili vinne. Ukiniuliza kujifunza ni nini, nitakuonyesha hizo namba mbili.

Nilipitisha muda, hiyo nakubali. Somo ni dakika 35, mimi nilitumia 52. Lakini hakuna vielelezo? Maji yalikuwa mpaka kwenye viatu vya huyo kijana.

Hajji Osukuku alinieleza vizuri, kwa ile sauti yake ya mazishi. "Mama Sauda, usichukulie vibaya. Kamati imepitisha, asiye na cheti hatashika darasa kuanzia muhula wa pili. Lakini wewe hatukutupi. Utasimamia jikoni. Watoto wanakupenda, watakuona kila siku saa nne wakija uji."

Nikamuuliza, "Hajji, hii shule ilianzia wapi?"

Akasema, "Tunajua, mama, tunajua."

Wanajua. Ilianzia kwenye stoo ya mahindi, watoto tisa wamekaa juu ya magunia, na mwalimu alikuwa anaamka kukaanga mandazi ya madereva kwanza ndiyo aje kufundisha. Leo wako 312. Na wewe ulikuwa mmoja wa wale tisa.

Sitaki unibebe. Nataka fomu. Nataka kuona huyo kijana aliandika nini, mstari kwa mstari, maana 38 si namba inayoanguka kutoka juu. Mtu alikaa akaijumlisha.

Shangazi yako,
Sauda Amuron


Nairobi,
24 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Waaleikum salaam warahmatullahi. Nimeipata barua yako na imenisikitisha sana. Samahani kwa kuchelewa. Tumekuwa na wageni ofisini na kitabu cha mwongozo wa walimu kinaingia chapa ya pili. Nasra sasa anakula. Tulifanya ulivyosema, akashikilia mpaka saa tano. Mama yake anakusalimu na anauliza kama ile dawa ya mti bado unaipata huko.

Shangazi, kuhusu matokeo, naomba uelewe kwamba ofisini kuna utaratibu. Alama hupitiwa na zaidi ya mtu mmoja kabla hazijatoka. Fomu ni siri ya taasisi, na mimi nikiwa mpwa wako ndiyo siwezi kabisa kuitoa. Watu wana macho. Tayari kuna waliouliza kama Amuron wa Malaba ni jamaa yangu.

Usimhukumu sana Ashraf. Ni kijana bado, na watahini wetu wengine hushika kanuni kama zilivyoandikwa. Kanuni inasema kielelezo ni kitu kilichoandaliwa na mwalimu: chati, picha au kadi. Huenda aliona hakuna kilichobandikwa, akaandika alichoona. Tumsamehe.

Kuna nafasi ya kukaguliwa upya mwanzoni mwa Aprili, kabla shule hazijafunga. Naweza kuhakikisha jina lako liko kwenye orodha. Ushauri wangu kama mwanao ni huu: bandika chati mbili tu ukutani, hata kama hutazitumia. Utapita bila shida.

Nawatakia maandalizi mema ya Ramadhani.

Mwanao,
Muzamil Ilukor


Malaba,
Jumatano, 5 Machi 2025

Muzamil,

Asalaam aleikum. Ramadhani tumeianza salama. Dawa ya mti ipo, nitaituma kando. Mama yako goti limevimba, mpigie simu. Yeye hukuulizia, mimi naishiwa na majibu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nakwama mahali pamoja. "Hata kama hutazitumia." Mtu wa mbinu za kisasa ananiambia nibandike karatasi ukutani ambayo sitaitumia, ili mtu mwingine aandike kwamba niliitumia. Hicho unakiita nini huko Nairobi? Huku kina jina na mtoto wa darasa la kwanza analijua, nimemfundisha mwenyewe.

Ati kielelezo ni kitu kilichoandaliwa na mwalimu. Majagi 22 yalitembea yenyewe? Mimi ndiye niliyeyabeba, safari tatu, mwanamke wa miaka hamsini na moja.

Na nimempigia simu Mwalimu Wabwire wa Sio Port, yule mrefu tuliyesoma naye Desemba. Yeye alifundisha kupima kwa haki. Alileta gorogoro mbili za bati za kupimia, moja nzima na moja iliyogongwa kitako ikaingia ndani kama ya wale wachuuzi wezi, na omena ya kupima. Watoto wakapima kwa zote mbili, wakamwaga, wakahesabu tofauti wenyewe. Amepewa 41. Maoni: hakuna vielelezo. Nikaendelea kupiga. Walioanguka ni 19 kati ya 64. Nimewapata 11 kwenye simu. Saba kati yao walileta kitu chenyewe darasani badala ya picha ya kitu. Saba kwa kumi na moja, Muzamil. Hiyo si bahati mbaya, huo ni mkono wa mtu.

Unaniambia nimsamehe Ashraf. Sijamsamehe. Nimemtaja mbele ya wanawake wa msikitini na jina la baba yake nikalitaja. Nimesema ni kijana aliyepewa kibao akadhani amepewa cheo. Nimesema asikanyage Malaba kuomba maji ya kunywa, atachorewa. Wamecheka, na maneno yamefika Mundika, najua.

Sitakaguliwa upya. Nilifundisha mara moja, na vizuri. Nataka fomu ya siku ile.

Sauda Amuron


Nairobi,
27 Machi 2025

Shangazi yangu,

Asalaam aleikum. Nimezungumza na Mama, nimemtumia nauli akapigwe picha ya goti Busia. Asante kwa kunikumbusha.

Nakuomba, kwa heshima zote, usiendelee kumtaja Ashraf hadharani. Si vizuri katika mwezi huu, na mambo ya ofisi ni magumu kuliko yanavyoonekana kutoka huko.

Nimekutumia mkono wa Idi kwa basi: tende kilo mbili, kanga ya mama Nasra aliyokuchagulia, na chati mbili za udhu zilizochapishwa vizuri, za rangi, hazipasuki hata zikilowa. Zitakusaidia Aprili ukibadilisha mawazo.

Idi njema kwenu nyote.

Mwanao,
Muzamil


Malaba,
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Muzamil,

Asalaam aleikum. Tende tumekula, Mungu akubariki. Kanga nimeivaa siku ya Idi na imesifiwa. Chati zako nimezirudisha kwa basi lile lile.

Mama yako ameonwa na daktari. Si kitu cha kupasua. Amepewa fimbo, ameikataa, anatembelea mwavuli.

Jana Ijumaa nilikwenda Busia kumtafuta Ashraf Mulama. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimngoja nje ya msikiti mpaka watu walipomaliza kutoka, na alipotoka aliniona kabla sijamwita. Hakukimbia. Alikuja akasimama mbele yangu akasema, "Mama Malaba. Maji umeleta, ama nichorewe?"

Kumbe ana ulimi. Nikamwambia, "Wewe kijana, unionyeshe fomu yangu leo, hapa, sitoki."

Akasema, "Mama, mimi nimekungoja wewe unitafute tangu Februari. Unanitukana kwa wanawake wote wa kaunti hii, na mimi nambari yangu unayo. Kwa nini hukuniuliza?"

Tulikwenda mpaka Mundika nyumbani kwao, mama yake akanikaribisha kiti bila kunisalimu, na alikuwa na haki. Ashraf akaingia ndani akatoka na nakala. Kumbe kila mtahini hurudishiwa nakala ikishapitiwa Nairobi.

Nakuandikia ilivyo, kwa kalamu yake ya bluu. Maandalizi ya somo, 6 kwa 15. Vielelezo, 20 kwa 20. Ushiriki wa wanafunzi, 22 kwa 25. Makundi, 3 kwa 15. Muda, 0 kwa 10. Kupima uelewa, 7 kwa 15. Jumla, 61. Na pembeni ya ile ishirini ameandika kwa mkono wake, maji halisi, kila mtoto ameyagusa.

Halafu kuna kalamu nyekundu. Ishirini imekatwa, imeandikwa 0. Tatu ya makundi imekatwa, imeandikwa 0. Sitini na moja imekatwa, imeandikwa 38. Na pembeni ya kila mkato, herufi mbili. M.I.

Nilimuuliza Ashraf, "Huyu M.I. ni nani?" Nilimuuliza nikijua. Nilitaka kusikia kwa mtu mwingine.

Akasema, "Kwani si ni kijana wenu? Yeye ndiye anapitia zote za magharibi. Mimi nilidhani mmekosana."

Mama yake ndiye aliyeongea hapo. Akasema, "Ashraf wangu ametukanwa miezi miwili kwa kukupatia ishirini juu ya ishirini."

Nilisimama nikamwomba msamaha yule kijana mbele ya mama yake, na jana hiyo hiyo nimewaita wanawake wote niliowaambia, mmoja baada ya mwingine, nikawaambia nilikosea mtu. Walikuwa ishirini na sita. Nimewahesabu kwa vidole, na kila mmoja ameniuliza, "Basi ni nani?" Nimewaambia simjui.

Huo ndio uongo pekee niliosema mwaka huu, na nimeusema kwa ajili yako.

Kwa hivyo nikuulize wewe. Hizo alama zangu ulizikata, hiyo ni moja. Lakini uliandika barua tarehe 24 Februari ukaniambia nimsamehe Ashraf. Nimsamehe kwa lipi? Ulimwacha kijana wa watu abebe lawama ya mkono wako, ukakaa Nairobi ukinishauri kuhusu msamaha. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, si ile 38.

Shule inafungua tarehe 28. Siku hiyo darasa langu linapewa mtu mwingine. Una siku kumi na sita.

Sauda Amuron


Nairobi,
Jumamosi, 19 Aprili 2025

Shangazi,

Asalaam aleikum. Leo sina habari za nyumbani. Nasra na mama yake wamekwenda kwa bibi yao, niko peke yangu na barua yako.

Ni mimi. Nilizikata mimi, Februari ulipouliza nilijua, na Machi nilijua.

Nilipoletewa mafungu ya fomu, mkurugenzi alipita mezani kwangu akasema kwa mzaha, "Naona na shangazi yumo, huyo tayari amepita." Watu wakacheka. Nilichukua fomu yako nikaiona 61 na nikaogopa. Nikasema wakiona nimempitisha shangazi yangu bila chati, na mwongozo niliuandika mimi mwenyewe, kurasa 48 za chati, watasema nimempendelea. Kwa hivyo nilitafuta pa kukukata. Kanuni ya chati ilikuwepo, nikaishika. Na nikishaishika kwako, ilibidi niishike kwa wote wengine ili isionekane ni yako peke yako. Ulihesabu saba kwenye simu. Wako tisa.

Kuhusu Ashraf sina la kujitetea. Uliponitajia jina lake niliona njia ya kutokea, nikaipita. Jana nimempigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akakata simu.

Alhamisi nilikwenda kwa mkurugenzi na fomu zote tisa. Nilimweleza. Amekasirika, na ana haki. Nimeondolewa kwenye kupitia alama, nitabaki kwenye uandishi, na hata hilo litaangaliwa upya mwezi wa sita. Lakini alama za wote tisa zimerudishwa kama watahini walivyoziandika. Tangu ile ya Wabwire mpaka yako. Kanuni nayo imeandikwa upya: kielelezo chaweza kuwa kitu chenyewe.

Nimeambatanisha barua ya taasisi kwa kamati yenu, yenye muhuri, inayosema umefaulu kwa alama 61, kosa lilifanyika ofisini na si darasani, na aliyelifanya ni mimi, kwa jina. Mpe Hajji Osukuku mkononi. Cheti chako kimo ndani ya bahasha ya kaki.

Sijui kama inafaa kukuomba unisamehe kwa barua. Nitakuja mwenyewe utakaponiruhusu.

Muzamil


Malaba,
Ijumaa, 9 Mei 2025

Mwanangu Muzamil,

Waaleikum salaam. Bahasha ilifika tarehe 24 na hakuna kilichokunjika. Mama yako anakusalimu. Nimemweleza yote. Akasema baba yako naye alikuwa hivyo, akiogopa watu alikuwa anawaumiza wa kwake kwanza. Mimi nilikuwa dada yake na sikuwahi kuliona.

Hajji Osukuku aliisoma barua ya taasisi mbele ya kamati nzima, kwa sauti, na alipofika penye jina lako alisimama akanitazama kama anaomba ruhusa. Nikamwambia, "Soma, Hajji, limeandikwa lisomwe." Akasoma. Halafu akasema kamati ina furaha kubwa kwamba Mama Sauda anarudi darasani. Nikamuuliza jikoni mmempata nani. Tarehe 28 niliingia darasani kwangu. Watoto sasa ni 45, wawili wamehamia kutoka Amagoro. Visigino vyao vikavu kama mkaa, tumeanza.

Wabwire amepata cheti chake. Ashraf amenipigia kuuliza kama anaweza kuleta walimu wanne wa Mundika waje waone somo. Nimemwambia alete majagi.

Sasa soma hapa polepole. Cheti changu nimekirudisha. Kimo humu, kitoe ukiangalie, kimeandikwa 61.

Sita na ishirini ni 26. Ongeza 22, ni 48. Ongeza tatu, ni 51. Muda sifuri, na hiyo sifuri ni yangu, nilichelewa. Ongeza saba. Ni 58, Muzamil. Ashraf alikosea kujumlisha. Alikuwa ameandika akiwa amesimama na viatu vimejaa maji, simlaumu, na nimemwambia mwenyewe, akahesabu, akacheka, akakubali.

Mimi niliona pale pale Mundika, nimeshika fomu mkononi. Nilinyamaza. Nilikuandikia namba zote sita kwa mpangilio, nikakuandikia na jumla, nikasubiri nione kama utahesabu. Hukuhesabu. Uliponikata, ulikata kutoka kwenye jumla isiyo sawa, na uliponirudishia, ulirudisha jumla hiyo hiyo isiyo sawa. Mara zote mbili ulikuwa unawaangalia watu watasema nini. Ile karatasi hukuiangalia.

Ulitaka waone kwamba hunipendelei. Kazi hiyo ni ndogo kuliko ulivyoifanya. Unakaa chini, unajumlisha, unaandika kilichotoka. Kwa 61 nilikuwa wa tisa kwenye orodha yenu iliyokuja na cheti, kwa 58 ni wa kumi na nne. Kufaulu ni hamsini. Nimefaulu, na nafasi ya kumi na nne inanitosha, kwa sababu hiyo ni yangu.

Hizo nyingine nane nazo zijumlishe upya kabla ya kulala. Usimpe mtu mwingine azifanye.

Njoo wakati wowote, nyumba ni yako na hujawahi kuomba ruhusa kuingia. Lakini ukija, cheti uje nacho, kimeandikwa hamsini na nane.

Shangazi yako,
Sauda Amuron